Nilijibu "Ndiyo" Siku Nne, na Mguu Wangu Ukafa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na sisi tunaokuja mbele zake kwa fimbo mbili tumsifu pia. Mchungaji alinipa dakika chache nisimame niseme. Nikamwambia hapana, nitaandika kwanza, halafu mwenye sauti atawasomea, kwa sababu nikisema kwa mdomo hasira inanikimbiza na ninaruka mambo. Niliishia darasa la tatu. Mahali nimekosea herufi, mnisamehe. Mahali nimetaja jina la mtu, pale sikukosea.

Mimi ni Etabo wa Lweba, wengi mnaniita Baba Riziki. Zamani nilikuwa na miguu miwili. Nilikuwa ninabeba ndagala kavu, wale samaki wadogo, kwa moto, yaani pikipiki, kutoka kando ya ziwa mpaka Misisi kwa wachimba dhahabu. Nilikuwa mtu wa nguvu, lakini mbele ya mtu aliyesoma nilikuwa mtoto. Tulifundishwa hivyo. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa anaandika ubaoni, anageuka, anauliza, "Mumesikia?" Na sisi wote, "Ndiyo, mwalimu." Hakuna aliyekuwa ameelewa kitu. Mtoto mmoja alisema siku moja kwamba hakusikia, akapigwa mpaka akajikojolea. Tangu siku ile darasa lote likasikia kila kitu. Mimi nilitoka shuleni na elimu moja tu: mkubwa akiuliza, jibu ndiyo.

Elimu hiyo ndiyo iliyonikata mguu.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mimi na dereva wa moto tulikuwa tumepita Fizi, barabara imekuwa ugali wa matope, na moto ikateleza. Dereva alirukia majani. Mimi nilibaki chini ya moto na magunia yangu, na mfupa chini ya goti ukavunjika; niliusikia kwa masikio. Watu wema walinifunga mbao mbili mguuni na kunirudisha mpaka mji wa Baraka kwa moto nyingine, nimebanwa kati ya dereva na mtu wa nyuma. Wakanifikisha kwenye hospitali moja. Sitaitaja. Nyumba haina kosa, vitanda havina kosa. Watu ndio nitawataja.

Wa kwanza ni muganga Gédéon; kwetu muuguzi wa hospitali tunamwita muganga. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, amesoma mbali, amerudi na diploma ya nguvu. Watu walisema alikuwa wa kwanza katika wenzake wote. Mifupa ya mwili aliijua yote kwa Kifaransa, anaitaja mbiombio kama mtu anayeita mbuzi wake. Ndiye aliyenifunga platre, ile kitu nyeupe inayokauka kama ukuta. Aliifunga vizuri, na aliifunga sana.

Gédéon hakuwa anasalimia. Aliingia asubuhi na karatasi zake, macho kwenye karatasi, na kila neno lake alilifunga kwa swali moja. "Vyombo vya chakula bibaki inje, munasikia? Walinzi batoke, munasikia?" Nasi wagonjwa na walinzi wetu, ndugu waliokuwa wanatuuguza, tukajibu pamoja, "Ndiyo, muganga." Kama darasani.

Siku ya kwanza maumivu yalikuwa makali kupita ya kuvunjika kwenyewe. Mguu ulikuwa unavimba na ile platre haikubali. Nililia, ndugu zangu, sitaficha. Gédéon akaja akasimama juu yangu.

"Baba muzima na ndevu, unalia sawa mutoto? Ni weye wa kwanza kuvunjika hapa?"

Wa kitanda cha pili wakacheka.

"Ukilia tena nitakutosha inje ulale na bambuzi. Unasikia?"

"Ndiyo, muganga."

Nikauma kona ya blanketi, nikanyamaza.

Sasa mnielewe hapa, kwa sababu jambo lote liko hapa. Kwetu kusikia ni neno pana. Tunasikia kelele, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya samaki, tunasikia maumivu. Aliyeelewa somo amesikia. Na mtoto mtiifu, tunasema huyu anasikia. Asubuhi ya pili Gédéon alikuja, akagonga kidole changu kikubwa cha mguu kwa kichwa cha kalamu, macho kwenye karatasi.

"Unasikia?"

Mimi nilijua anauliza jambo la jana. Kama nimesikia onyo lake. Kama nitalia tena.

"Ndiyo, muganga."

Akaandika. Akaenda kitanda cha pili.

Siku ya tatu ilikuwa vilevile. Kalamu, unasikia, ndiyo, akaandika. Na siku ile ya tatu maumivu yalikuwa yamekwisha. Nilifunga macho nikamshukuru Mungu kwamba ninapona. Ndugu zangu, nilikuwa ninamshukuru Mungu kwa kifo cha mguu wangu, na sikujua.

Mke wangu ndiye aliyejua. Mama Riziki alikuwa ananipangusa kwa maji ya moto, akashika vidole.

"Baba Riziki, vidole yako iko baridi sawa samaki. Na rangi yake siipende."

Akamfuata Gédéon mlangoni, akamwambia. Nilisikia kila neno.

"Mama, uliishia kalasi ya ngapi?"

"Ya pili, muganga."

"Ya pili. Mimi nilisoma myaka kumi na ingine tena juu yake. Rudia kwa bwana yako."

Mama Riziki hakurudi kwangu. Alienda kwa mkubwa wa hospitali, Madame Séraphine, na huyu ni wa pili ninayemtaja. Madame Séraphine alikuwa amekwisha kusikia malalamiko ya watu wengi juu ya mdomo wa Gédéon. Kuna wamama walikuwa wanazalia nyumbani kwa kuogopa mdomo ule, na yeye alijua. Alimwambia mke wangu, "Gédéon anajua kazi. Tabia yake ni yake. Ao munataka muganga wa kucheka na nyinyi, asiyejua kitu?" Kama vile Mungu hawezi kuumba mtu mwenye vyote viwili.

Mke wangu akarudi kitandani, anataka kusimama katikati ya chumba apige kelele. Na hapa namtaja wa tatu. Wa tatu anaitwa Etabo. Nilimshika mkono nikamwambia, "Nyamaza, Mama Riziki. Batatufukuza." Akaniangalia kwa muda mrefu. Akanyamaza. Mpaka leo hajanilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Siku ya nne, kalamu, unasikia, ndiyo, akaandika.

Mchana wa siku ile aliingia Mama Konsilata na ndoo yake. Huyu ni mkimbizi wa Burundi, mjane, kazi yake ilikuwa kusafisha chini. Hakumwaga maji chini ya kitanda kabla ya kumsalimia anayelala juu yake. Alipofika kwangu aliacha ufagio, akakaa chini kwenye sementi, hata nikawa mimi ninamwangalia yeye kutoka juu. Tangu niingie pale, hakuna mtu wa hospitali niliyekuwa nimemwangalia kutoka juu.

"Amahoro, baba. Leo haulie tena?"

"Hapana, mama. Imepona."

"Imepona siku ine? Mufupa yako ni ya mbuzi?"

Nilicheka. Naye akacheka na mimi. Akaniuliza watoto wangu ni wangapi, Riziki anasoma nini, ndagala za mwaka huu zinakuja ao zinakimbia. Nami nikasema, mdomo ukafunguka, hata nikamwambia kwamba mke wangu anaogopa vidole vyangu. Hakuuliza kama ninasikia. Alisema, "Baba, tucheze kama batoto." Akatoa kitenge chake begani akanifunika macho. "Niambie nashika kidole gani."

Nikangoja.

"Basi shika, mama."

Kimya.

"Mama, niko nangoja."

"Baba," akasema, na sauti haikuwa ya mchezo tena, "niko nakufinya tangu nikufunike. Kucha yangu imeingia mu nyama."

Nilitoa kitenge usoni. Kidole changu kilikuwa na alama ya kucha, na damu haikutoka.

Aliinuka. Mlangoni akakutana na Gédéon.

"Weye mama, unaenda wapi? Maji iko chini, batu bataanguka."

"Naenda kuita dokta."

"Ni weye nani wa kuita dokta?"

"Mwenye ufagio," akasema, akapita.

Dokta Amisi alikuwa kwenye mkutano upande mwingine wa mji. Mama Konsilata alivuka Baraka yote kwa mguu, jua la saa saba, akaingia katika mkutano wa watu wenye makoti akamtoa. Wakarudi kwa moto. Dokta akapasua platre. Ndugu zangu, ile harufu sitaiandika. Wa kitanda cha pili waliokuwa wakinicheka walitoka nje wote.

Dokta alichukua karatasi yangu akamwita Gédéon.

"Umeandika muguu unasikia. Siku tatu mufululizo. Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza kila asubui, dokta. Yeye mwenyewe anajibu ndiyo. Muulize."

Dokta akanigeukia. "Baba, alikuuliza?"

"Ndiyo, dokta. Aliuliza kama nasikia. Na mimi nilikuwa nasikia. Masikio yangu iko mazima."

Dokta alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu. Halafu akaniambia mguu umekufa na sumu inapanda. Akikata leo nitaishi, akingoja kesho hajui. Wakakata siku ileile, juu ya goti.

Mnataka kujua yaliyofuata? Gédéon hakuguswa. Karatasi zilikuwa safi: aliuliza, mgonjwa alijibu. Nasikia leo ni mkubwa mahali pengine. Madame Séraphine bado ana kiti chake. Aliyefukuzwa ni Mama Konsilata, kwa kosa la kuacha maji chini na kuingilia kazi ya waliosoma. Leo analima mihogo kwenye shamba la watu wengine. Aliyeokoa roho yangu ndiye peke yake aliyeadhibiwa.

Gédéon alikuja kwangu Lweba mara moja. Mke wangu akampa kiti, hakukaa. Alisimama akasema, "Baba Riziki, mbele ya Mungu, mimi nilikuuliza." Ni hilo tu alilokuja kusema. Nami nilikuwa na panga karibu na mkono, na kama ningekuwa na mguu wa kuinukia, leo ningewaandikia kutoka gerezani. Basi hata hapo Mungu alinikomboa.

Nilikaa miaka ndani ya chuki. Sikuja kanisani. Wimbo ulikuwa unapita dirishani mwangu, ninafunga dirisha. Riziki alipotaka kusoma kazi ya uganga, nilisema katika nyumba hii hapana. Mama Konsilata ndiye aliyekuja tena. Alitembea mpaka Lweba, akakaa chini kama kawaida yake, akaniuliza habari za fimbo, habari za bega linaloumwa na fimbo. Halafu akasema, "Baba, mimi nilifukuzwa juu yako na naimba. Weye ulipona na unafunga dirisha. Mutoto akikosa kusoma, Gédéon atabakia peke yake mu hospitali." Nililia siku ile, na hakuna aliyenikataza. Jumapili iliyofuata nikaja hapa nikamrudia Bwana, na Riziki akaenda kusoma.

Mwalimu wake mmoja alisikia habari yangu akaniita. Mimi wa darasa la tatu nikasimama mbele ya wanafunzi wa uganga wenye nguo nyeupe. Wanajua mifupa kwa Kifaransa, wote. Niliwaambia wakae chini sakafuni. Wakaangaliana, wakaogopa kuchafua nguo. Msichana mmoja tu alikaa. Nikamwambia, wewe nitakubali unishike. Wengine wakakaa mmojammoja. Nikawaambia: kusoma kwenu ni kuzuri, Dokta Amisi aliyejua kukata amesoma. Lakini ukisoma mpaka mgonjwa anakuogopa, mgonjwa atakudanganya kwa adabu, na wewe utaandika uongo wake kwa maandishi mazuri. Msiulize swali ambalo mtu anaweza kulijibu ndiyo na kunyamaza. Mwambie akueleze mwenyewe. Na ungoje. Kungoja ndiko kunakowashinda.

Sasa ninaitwa pale kila mwaka. Ni Bwana aliyefanya hivyo. Alinitoa kwenye mauti kwa mkono wa mwanamke mwenye ufagio, akanifungua na mdomo uliokuwa umefungwa tangu darasa la tatu. Wewe ambaye kesho unaenda hospitali, ao shuleni kwa mtoto wako, ao kwenye biro, ofisi ya wakubwa, mtumaini Yeye, na useme. Useme hata wakikuuliza kalasi yako. Mungu anajua kusikiliza watu wa kalasi ya pili. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru Mama Riziki, ninamshukuru Mama Konsilata, ambaye kanisa hili, kama lina macho, litamtafutia kazi.

Lakini sitawadanganya kwamba nimefika. Wengine wanakuja mbele hapa wanasema wamesamehe kila kitu siku moja. Mimi kila asubuhi ninapiga goti moja nililobaki nalo, ninaombea wagonjwa, ninaombea wanafunzi, ninaombea hata Madame Séraphine. Nikifika kwa Gédéon ninakwama. Jina lake ninaweza kuliandika mbele yenu wote. Mbele ya Mungu halitoki. Basi, ndugu zangu, mkimaliza kusomewa barua hii, msinipigie makofi. Simameni, mmuombee Gédéon kwa niaba yangu, mpaka siku nitakayoweza mwenyewe.