Barua Pepe za Binti Yangu Zilivyorudi kwa Njia ya Salamu

Wazee wangu, shikamooni. Nanyi wenzangu wa kikundi hiki cha wafiwa, asanteni kwa kunivumilia miezi ile niliyokuwa nakaa nyuma kabisa bila kusema neno.

Wengi mnajua nilimzika binti yangu, afisa kilimo aliyepangiwa kazi Singida. Alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, akaniachia mjukuu. Ambacho sikuwahi kuwaambia ni kwamba nilimpoteza mara mbili.

Mimi ni katibu muhtasi wa chuo hapa Mbinga. Binti yangu alikuwa akiniandikia barua pepe kazini. Alisema, "Mama, simu ni ya kuulizana hali. Nikitaka kuzungumza na wewe, naandika." Na kweli aliandika. "Mama, nimekaanga ule usipa ulionitumia. Mwenye nyumba akauliza, hivi vijisamaki vyenu vya Ziwa Nyasa vinashibisha? Alipoonja, mimi nikabaki na ugali mkavu."

Baada ya msiba nilijiwekea jambo moja: mjukuu akipata akili nimsomee barua hizo, amjue mama yake kwa maneno yake mwenyewe. Picha anazo, lakini picha haisemi.

Sasa niwaeleze polepole, maana si wote mnafanya kazi ofisini. Barua pepe zote za chuo zilitunzwa kwenye kompyuta moja, wanaiita seva. Ichukulieni kama posta yenye kisanduku cha kila mtumishi. Mimi nikifungua kompyuta yangu nilikuwa nachungulia tu kisanduku changu kule. Mezani kwangu hakikubaki kitu. Kisanduku cha binti yangu nacho kilifungwa kwa neno la siri alilokwenda nalo. Masika moja radi ilipiga, seva ikafa. Nakala ya akiba ilikuwepo, ila ilikuwa ndani ya seva hiyohiyo. Ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Fundi wetu alihangaika, akaipeleka diski yake, kile kifaa kinachotunza maandishi yote, hadi Songea. Aliporudi alivuta kiti, akakaa karibu yangu. "Mama, imeungua. Sitakudanganya."

Ndugu zangu, sikulia. Nilirudi nyumbani nikampikia mtoto uji, na tangu siku hiyo nikanyamaza. Kwaya niliacha. Mtoto akiuliza, "Bibi, mama alikuwa anaongeaje?" nilijifanya natafuta kitu jikoni.

Mama mmoja wa kikundi hiki, simtaji, alikuja kunifulia nguo. Akaniambia, "Hutaki kuzungumza, sawa. Basi nenda kwa dada yako, ukanyamazie huko."

Nikaenda Liparamba kwa dada yangu mkubwa, mwalimu. Tukiwa tunachambua maharage, nikamweleza habari za seva. Mikono yake ikasimama.

"Hata ile ya usipa?"

"Zote, dada."

"Mbona mimi ninayo?"

"Umeipata wapi?"

"Wewe naye. Si ulinitumia mwenyewe? Nilisalimiwa humo."

Mnajua tulivyolelewa. Ukiambiwa "nisalimie fulani," hiyo salamu ni mali ya mtu, lazima uifikishe. Ni mara chache binti yangu alimaliza barua bila kusalimia ukoo. Na mimi sikupenda kusema tu "umesalimiwa." Nilimtumia mwenye salamu barua yenyewe, aione kwa macho yake. Ukituma hivyo, nakala inakaa kwenye kisanduku cha aliyepokea, na kisanduku hicho kiko kwenye seva nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nafikisha salamu. Sikujua kwamba natunza.

Hapo ndipo nililia. Dada akaniacha nilie, kisha akachukua simu. Tukampigia mjomba Mbamba Bay, tukampigia shangazi Mpepai. Nilimuuliza shangazi kama labda alizifuta. "Nifute salamu za mtoto? Una wazimu?"

Fundi alizikusanya, akazipanga kwa tarehe, akaziweka sehemu zaidi ya moja. Hazikurudi zote. Zile zisizokuwa na salamu za mtu, za mimi na yeye tu, zimekwenda. Nimelikubali hilo, ingawa siku nyingine linauma.

Namshukuru Mungu, namshukuru dada, fundi, na kila aliyetafuta kwenye simu yake bila kuniuliza za nini. Na wewe uliyenifulia, unajijua.

Ninalowaachia ni hili. Nakala ya kitu unachokipenda usiilaze nyumba moja na kitu chenyewe. Na mkirudi nyumbani, fungueni simu zenu. Huenda unayo sauti au maneno ya marehemu wa jirani yako aliyekaa hapo pembeni. Usidhani anayo. Mpelekee.

Jumapili iliyopita nilimsomea mjukuu barua ya kwanza. Alisikiliza huku ameshika kanga yangu, mahali fulani akacheka. Nilipomaliza akasema, "Bibi, msome tena mama."