Betri ya Mwalimu Anis

Kijiwe chetu hapa Saida ni kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa, kimeegemezwa ukutani mbele ya duka la kinyozi. Kinyozi ndiye mimi, kwa hiyo kahawa ni yangu, birika langu, na maneno yote ya kipuuzi yanaingia dukani kwangu bila kunyoa. Wakaaji wa kudumu ni watatu. Jenereta ndiye mwenye mtambo wa umeme wa mtaa, anayetuuzia mwanga serikali ikikata, yaani karibu kutwa. Brazili aliuza vitambaa São Paulo ujanani, akarudi na kofia. Wa tatu, tunayemwita Namjua, hana kazi inayoeleweka, ila kwa kila jambo anamjua mtu. Ng'ambo ya barabara hukaa gari la Mwalimu Anis, la Kijerumani, la zamani, lisilofungwa milango, na ndani yake mna redio ya kaseti ambayo mtaa mzima unaijua.

Tunaijua kwa sababu ya marehemu Mama Ramzi, mke wa Mwalimu. Wakati wa vita, posta ilipokufa, watu wetu walikuwa wakijirekodi kwenye kaseti, kisha wanampa msafiri awapelekee watoto walioko nje. Mama Ramzi aliishika desturi hiyo hata simu zilipojaa. Kaseti yake ya mwisho, ya kwenda kwa Ramzi kule Kanada, haikupata msafiri, mauti yalimtangulia. Mwalimu akaisukuma ndani ya redio ya gari na hajaitoa tangu hapo. Kila alasiri hukaa kwenye usukani, injini imezimwa, anamsikiliza mkewe akimgombeza kijana: umevaa sweta, umekula nini, mbona kimya. Sisi huku tunapunguza sauti. Heshima hiyo angalau tulikuwa nayo.

Sasa Jumatatu moja asubuhi Mwalimu akavuka barabara na ndara za ndani.

– Jamani, redio inaniomba namba ya siri. Sijawahi kuwa na siri na ile redio.

Kijiwe kizima kikashikwa na kikohozi. Jenereta akakohoa, Namjua akakohoa, Brazili akaanza kukagua viatu vyake. Sababu tulikuwa nayo. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa fainali. Umeme wa serikali ulikatika kipindi cha pili, na mtambo wa Jenereta, aliyekuwa ameapa mbele ya watu kwamba hautazimika, ukaishiwa dizeli. Brazili ndiye aliyekumbuka kwamba Mwalimu ametia betri mpya. Jenereta akafungua boneti, Namjua akashika spana, mimi nikamulika kwa simu. Tivii ikawaka, tukaona penalti zote, tukairudisha betri mahali pake na kupangusa boneti kwa taulo langu la ndevu. Tulichokuwa hatukijui ni kwamba redio ya aina ile ikinyimwa umeme hata kidogo inadhani imeibiwa, inajifunga mpaka ipewe namba yake.

Tungesema pale pale. Kwani ingetugharimu nini? Badala yake tukajifanya mafundi. Tukahamia garini, Mwalimu kwenye usukani, sisi tumebanana na nyuso za huruma.

– Jaribu mwaka uliooa, akasema Brazili.

Redio ikakataa.

– Aliozaliwa Ramzi.

Ikakataa.

– Mnapoteza muda, akasema Namjua. Namba haipatikani kwa akili, inapatikana kwa mtu. Mimi namjua mtu ana binamu yake anafagia kiwanda cha redio hizi huko Ujerumani. Mwenda pole hajikwai.

– Hiyo inahusu nini? akauliza Brazili.

– Binamu. Anafagia polepole, anaona mengi.

Jenereta akasema hapana, ni chumvi ya bahari, imeingia kwenye nyaya ikaandika namba zake yenyewe. Tulipomcheka akapanda juu zaidi: redio hizi zinazungumza na setilaiti, na Wajerumani wakiona gari limekaa sana mahali pamoja wanajua mwenyewe amekwama, wanaifunga kwa usalama wake. Mwalimu akamsikiliza kwa adabu. Miaka yote alifundisha jiografia, na bado akamsikiliza.

Brazili hakukubali kupitwa. Kule São Paulo alimwona jamaa kwa macho yake akitia redio kwenye friza, na asubuhi ilikuwa imesahau kila kitu.

– Maji yakimwagika hayazoleki, akasema. Ndiyo maana nasema friza. Yakiganda yanazoleka.

– Friza ya nani, kwa umeme wa nani? nikamuuliza.

Jenereta akanikanyaga mguu. Habari za umeme hakuna aliyezitaka mle garini.

Tukakisia mpaka redio yenyewe ikachoka, ikaandika kwamba haitaki kuulizwa tena, isubiriwe. Mwalimu akakiangalia kile kioo kidogo, kisha akaiangalia mikono yake.

– Labda nilipewa namba, nikaisahau.

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Jenereta akaufunga.

– Umri, Mwalimu, akasema. Hata mimi nasahau.

Nasi wengine tukatikisa vichwa kukubali. Nilitikisa na mimi, sikulazimishwa na mtu.

Tangu siku hiyo Mwalimu hakukaa tena garini. Kahawa nikimwita anapunga mkono kutoka mlangoni, anarudi ndani. Mara nikamwona anatoka, anafunga mlango wa nyumba, anausukuma kuhakikisha, anaondoka, anarudi kuusukuma tena. Nilikuwa na kichwa cha mteja mkononi nikakiharibu. Jioni niliwaambia wenzangu twendeni tukaseme. Jenereta akasema tungoje binamu wa Ujerumani ajibu. Namjua akasema tumekwisha chelewa, sasa itaonekana tulikusudia. Brazili akasema mficha uchi hazai, halafu akasema yeye watoto wanamtosha. Nikawaita waoga. Nao wakaniuliza mbona sivuki barabara mwenyewe, nikaenda kunoa wembe.

Kiangazi kikaingia na Ramzi akaja, kama wanavyokuja wote walioko nje, na sanduku zito. Siku ya tatu akatuvukia. Akaamkia kila mtu, akakaa ukingoni mwa kiti, nikammiminia kahawa. Namjua akamwuliza habari za baridi ya Kanada. Akajibu kwa ufupi, halafu akasogeza kikombe pembeni.

– Ami zangu, nawaomba jambo. Baba anataka nimtafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee kule mlimani. Nyumba hii iuzwe. Anasema akili inamtoka, redio ilimwomba namba anayotakiwa kuijua hakuikumbuka hata kidogo.

– Na redio yenyewe? akauliza Brazili kwa sauti ya chini.

– Redio si kitu. Kesho naing'oa, namba ya kiwanda imeandikwa ubavuni, wakala ataniambia ya siri. Mimi nauliza habari za baba. Mimi niko mbali, nyinyi mnakaa naye kila siku. Ni kweli ameanza kusahau?

Swali jepesi, hata mtoto angelijibu. Namjua, anayemjua kila mtu, akatazama chini. Jenereta akanywa kahawa kwenye kikombe kilichokwisha. Nami nikaanza kuwamiminia watu ambao hawakuomba.

Tukiwa hivyo, Mwalimu mwenyewe akavuka. Safari hii alivaa viatu, na shati limepigwa pasi. Akasimama mbele yetu.

– Masalkheri Khalil. Masalkheri Jamil. Taufiki. Munir.

Alitutaja kwa majina yetu ya kuzaliwa, ambayo hapa kijiweni hayatumiki, mmoja baada ya mmoja, polepole. Alipomaliza hakututazama sisi. Alimgeukia mwanawe, kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni.

– Nimekosea?

Ramzi akafunika uso kwa kiganja. Nami nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Jenereta aseme yeye au niseme mimi. Akasema yeye, macho yake chini.

– Hujasahau kitu, Mwalimu. Namba hukuwa nayo. Betri tuliichomoa sisi. Ile siku ya fainali, tukawashia tivii.

Nilingoja atutukane, na kwa kweli nilitamani atutukane. Mwalimu akapapasa mgongo wa kiti chetu.

– Mliangalia hapa?

– Hapa hapa.

– Mimi nilikuwa macho, akasema. Nilikaa gizani kwenye dirisha la uani nikihesabu penalti kwa kelele zenu. Betri mngeniomba ningeibeba mwenyewe. Lakini hata baada ya kuichukua, mbona hamkuniita?

Brazili alikwisha vua kofia, anaikunjakunja. Ramzi akamsogezea baba yake nafasi, Mwalimu akakaa, bado anatutazama, anangoja jibu. Nikainua birika nimpe kahawa angalau. Lilikuwa tupu, tulikwisha kuinywa yote sisi.