Bega la Eligio

Uape kwanza kwamba haya hayatavuka mlango wako. Umeapa? Basi ni hivi: bega la Eligio limekufa. Fulvia, mama wa kahawa pale dukani, aliambiwa na Eligio mwenyewe, Jumamosi asubuhi, mbele ya birika la kahawa, akaapishwa kwa kaburi la mama yake kwamba hatamwambia kiumbe yeyote, na siri ile akaihifadhi vizuri kabisa mpaka kahawa ilipochemka.

Wa kwanza kuipata alikuwa Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku. Alikuwa mpiga kengele wa kiwanda cha sukari cha mji wa Caña Honda, na sasa kazi yake ni kukaa kwenye benchi la pembeni mwa duka, lililopigiliwa kwa mataruma ya reli ya miwa, akiwa na daftari lenye matokeo ya kila mechi ya besiboli tangu kimbunga kile kikubwa. Fulvia alimmiminia kikombe, kile kidogo cha kulamba mara mbili, akamwapisha kwa kaburi lilelile. Profesa akamwapisha Injini, fundi mitambo mstaafu. Kufikia adhuhuri hata mwenye kuuza barafu alikuwa ameapa.

Wa mwisho kusikia alikuwa Nereo, naye ndiye aliyestahili kuwa wa kwanza. Nereo ni mdogo wake Fulvia na kocha wa timu kwa miaka kumi na miwili. Ufunguo wa uwanja huuvaa shingoni pamoja na msalaba, na ukimuuliza kipi atoe hajibu haraka. Msimu uliopita timu ilipoteza mechi kumi na moja, na katika tisa kati ya hizo mrushaji aliyeanza, yule anayewatupia mpira wapigaji, alitolewa kabla ya zamu ya nne kati ya tisa, mpira ukigongwa kama zulia linalokung'utwa vumbi la Krismasi. Wazee wa klabu walikutana wakasema yasemwayo: Nereo alete mrushaji wa kuanza anayetegemeka, au ufunguo uende kwa mwingine.

Fulvia alikuwa na sababu zake za kukosa usingizi. Nereo analala chumba cha nyuma kwake. Akinyang'anywa uwanja atashinda jikoni, akimfundisha dada yake wa miaka sabini na moja namna ya kukoroga maharage.

Sasa sheria ya ligi yao ni hii. Mapumziko yakikaribia kwisha, kila timu hupeleka majina matatu ya warushaji wa kuanza. Aliyeandikwa ni wa timu yake mwaka mzima, apende asipende. Asiyeandikwa yuko huru, anaweza kwenda kuchezea hata maadui. Karani wa ligi angepita Jumamosi hiyohiyo saa kumi jioni kuchukua karatasi. Nereo alikwisha kuandika mawili: kijana mmoja ambaye mipira yake huua ndege, na bwana mwingine anayeishiwa pumzi zamu ya tatu. Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Eligio, mashoto, aliyeibeba timu peke yake miaka saba. Na sasa Eligio hana bega.

— Ukimwandika, umeandika maiti, alisema Profesa.

— Na nisipomwandika?

— Utakuwa huna hata maiti.

Benchi likaanza kufikiri, na benchi lile likifikiri ni heri ufunge madirisha. Profesa alitangulia kwa kumtaja Ulises, polisi wa kituoni, kwa kuwa aliwahi kumpata mwizi wa mbuzi kisogoni kwa kopo la maziwa, umbali wa nyumba nne. Nereo aliuliza kama Ulises amewahi kushika mpira. Profesa akafungua daftari, akalifunga, akasema kopo ni gumu zaidi.

Injini alicheka kwa dharau. Alisema binadamu wote wana mabega, na bega ndilo chanzo cha balaa. Yeye angechukua springi ya kile kinu cha sukari kilichofungwa, aivalishe fulana ya timu na kofia, aisimamishe pale katikati. Sheria zinasema mrushaji avae sare. Hazisemi popote kwamba apumue.

— Na mpigaji akigonga mpira ukaenda kwake, atadaka na nini? aliuliza Nereo.

— Wewe unaleta mambo madogo madogo.

Profesa hakukubali kushindwa na springi. Akashusha sauti akasema dawa ni Padri Anselmo. Padri amewaungamisha wapigaji wote wa mkoa huu, anajua kila mmoja anaogopa nini. Atakayesimama mbele yake na gongo la kupigia mpira atatazamwa tu usoni, na hapo hapo atakumbuka aliyoyafanya Ijumaa, gongo halitainuka. Fulvia alisema kwa hesabu hiyo padri hatapigwa hata na mmoja, ila hata sisi hatutakuwa na mtu wa kukaa jukwaani. Injini akajibu kwamba bora basi kuanza upya na watoto wachanga: kila anayezaliwa Caña Honda afungwe mkono wa kulia, na baada ya miaka kumi na minane mji mzima utakuwa mashoto.

— Karani anakuja saa kumi, alisema Nereo.

Fulvia alimwona akipapasa ule ufunguo shingoni, akamwonea huruma ya kweli. Akaenda kumpa kahawa ya pili bila kuulizwa.

Saa tisa na nusu Eligio mwenyewe akatokea, mkono wa kushoto ukining'inia kwenye kitambaa cheupe, anatembea kama anayebeba mayai. Watu wakampisha. Mmoja akamletea kiti, mwingine mafuta ya kondoo yaliyochemshwa na majani, na mke wa mwenye duka akamkatia ndizi za kukaanga vipande vidogo, maskini asije akajitonesha. Eligio akapokea yote kwa macho ya huzuni. Alisema hataki kuwalemea, amekuja tu kuwatazama wenzake. Lakini meza ya dhumna ilikuwa pungufu mtu mmoja, na kwa dhumna mkono wa kulia unatosha. Akakaa na Injini, wakicheza dhidi ya Profesa na muuza barafu.

Fulvia alisimama nyuma yao na birika. Mchezo ulikuwa umefika pabaya, timu zote mbili zikikaribia pointi mia mbili za ushindi, Profesa akitukana kete zake kwa sauti ya kanisani.

Hapo ndipo pikipiki ya karani iliposimama. Alikuwa mtu wa mjini, shati limenyooshwa, hamjui mtu. Akasalimia, akatoa kalamu, akatazama karatasi ya Nereo.

— Naona majina mawili. Mrushaji wenu wa kwanza ni nani?

Swali dogo tu. Profesa akatazama daftari. Injini akatazama kete. Nereo alishika kalamu, akaandika U ya Ulises, akaandika na L.

Na Eligio, masikini wa Mungu, akaangalia meza. Ncha ya huku ilikuwa tano, ya kule moja, na kete yake ya mwisho ilikuwa ya tano na moja. Kufunga kwa kete inayoingia kotekote, pointi za nyongeza, mchezo umekwisha. Kwa mtu wa Caña Honda kete ya namna hiyo haiwekwi. Inapigwa.

Mkono ulitoka kitambaani peke yake, ukapanda juu hadi nyuma ya sikio, ukashuka. Meza iliruka. Vikombe vitatu vilianguka, kete moja ikapita juu ya pikipiki ya karani na kugonga bati la nyumba iliyo ng'ambo ya barabara.

Mbwa mmoja aliondoka.

— Eligio, alisema Fulvia taratibu, mwanangu. Guayabal wamekuahidi nini?

Wa Guayabal Viejo ndio mahasimu wenyewe. Eligio akainamia vikombe vilivyoanguka.

— Wana warushaji watatu, Mama Fulvia. Ningerusha Jumapili moja, nipumzike mbili. Hapa mimi ndiye wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Fulvia ndipo akaelewa kwa nini, katika masikio yote ya Caña Honda, lilichaguliwa la kwake. Hakuwahi kutukanwa kwa adabu namna ile.

Nereo alikuwa amekwisha kukata UL kwa mstari mnene na anaandika Eligio kwa herufi kubwa. Karani akasubiri wino ukauke.

Eligio akatazama huku na huku, uso umemshuka kwa aibu, kisha polepole, kama mtu anayemrudisha kuku wa jirani, akaurudisha mkono kwenye kitambaa mbele ya watu wote.

Ila alioutia ulikuwa wa kulia.