Pingili Saba: za Twiga, za Panya na Zake

Tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa mifupa wa makumbusho yetu atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kwenye hati za ofisi ana jina refu la heshima. Sisi wa karakana tunamwita Mama Pingili, na kama hujui kisa chake, basi wewe ni mgeni hapa.

Mwaka wake wa kwanza aliletewa mifupa ya twiga. Akaipanga mezani hadi akafika shingoni, akahesabu pingili: saba. Akarudia. Shingo inayopita mlango kwa urefu iwe na pingili saba tu? Akakata shauri kwamba nyingine zimeibwa, na mshukiwa akapatikana papo hapo: mbwa wa mlinzi wa lango, aliyependa kulala nyuma ya karakana. Maskini mbwa alifungwa kamba, na kinyesi chake kikapekuliwa kwa chujio. Mlinzi aliapa kwa kila alichokiamini kwamba mbwa wake si mwizi.

Bosi wake wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, aliporudi kutoka likizo hakumkaripia. Alimwekea shingo ya panya chini ya lenzi, akamwambia ahesabu. Saba. Akamwambia ainamishe kichwa na kupapasa nundu ile inayojitokeza pale shingo inapokutana na mgongo. Akaambiwa kwamba hiyo ndiyo ya saba. Popo, tembo, nyangumi, karibu mamalia wote ni hivyo hivyo. Katika mamilioni ya miaka ya mageuko twiga hakuongezewa hata moja. Zake zilirefuka tu. Mwenyewe husimulia kwamba aliketi sakafuni, mkono bado uko shingoni. Kisha akaenda kumwomba mbwa radhi. Radhi ilipokelewa na mwenye mbwa, na yaliyofuata mnayajua: mlinzi yule ndiye mume wake hadi leo.

Tangu hapo kila anayeajiriwa karakana huanza kazi kwa kupapasa shingo yake. Hata mkurugenzi alilegeza tai akapapasa. Ndege, alitufundisha, wana mambo yao: bundi ana pingili kumi na nne, ndiyo maana hugeuza kichwa akatazama alikotoka. Na lile tunaloliita goti la mbuni, linalokunjika kinyume, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu ndani ya manyoya. Miaka yote hii, bado akisimama mbele ya bawa la ndege na mkono wa mtu, mifupa ile ile kwa mpangilio ule ule, hutikisa kichwa kana kwamba ameonyeshwa leo asubuhi.

Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi akitundika bawa. Pingili yake ya tano ikavunjika. Daktari aliifunga kwa chuma, akaonya kwamba mishipa ya fahamu imeumia na nguvu za vidole huenda zisirudi. Tuliogopa sana, maana mbuni wake wa mwisho alikuwa bado vipande mezani, naye alishaapa kwamba hastaafu kabla mbuni huyo hajasimama. Fundi wa mifupa akipoteza vidole, amebaki na nini?

Alirudi na kola ngumu shingoni. Waya ulimponyoka kila mara; akacheka, nasi tukacheka, halafu tukatoka nje mmoja mmoja kufuta machozi. Tukawa vidole vyake, yeye kitini akielekeza, sisi tukiunga. Ila pingili ya mwisho, ile inayobeba fuvu, alikataa isiguswe na mtu. Waya ulikosa tundu, ukakosa tena, asubuhi nzima. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Karibu na saa ya chakula ukapita, na mbuni akasimama.

Ametuachia ombi moja. Ukumbini, kati ya shingo ya twiga na ya panya, palikuwa na nafasi tupu. Sasa, kama alivyoomba, pametundikwa picha ya eksirei ya shingo yake, pingili saba, ya tano na chuma chake. Chini pameandikwa "Binadamu", basi. Juzi darasa zima la watoto lilisimama pale, wakainamisha vichwa, wakaanza kupapasa bila kuambiwa na mtu. Mume wake, aliyekuja kumchukua, naye akapapasa.

Asante, Mama Pingili. Nenda, mlinzi wako amekungoja langoni vya kutosha. Siku zako ziwe nyepesi kama mfupa wa ndege, na kila tutakapoinamisha vichwa tutakukuta palepale, chini ya vidole vyetu.