Vitufe vya Wakubwa

Mchungaji amenipa dakika chache, nami sitazimaliza kwa kusalimia meza kuu. Meza kuu ndiyo iliyoniangusha.

Wengi mnanijua. Mimi ni binti wa hapa Arua, kule Onduparaka, fundi wa programu za simu. Chama kimoja cha waendesha bodaboda cha Koboko kiliniomba niwatengenezee programu ya kuwafikisha wajawazito hospitali. Nikaitengeneza. Mama anafungua, na pale juu ya skrini, kwenye ule mstari wenye jina la ukurasa, anakuta kitufe kimoja chekundu: Ita Boda. Anabonyeza, mwenye pikipiki aliye karibu anapata habari, anakwenda. Basi. Kazi ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri.

Kisha ikaja kamati. Ndugu zangu, nawaambia, mmoja mmoja wale wazee wana akili zao. Wakikaa pamoja wanaagiza soda na kuharibu vitu.

Mwenyekiti aliishika simu yangu, akaigeuza huku na huku. "Binti, mimi niko wapi humu?"

"Wewe, mzee?"

"Mutu anafungua, hata salamu yangu haoni?"

Basi kikaongezwa kitufe cha salamu za mwenyekiti, na picha yake ndani ya suti, anacheka. Makamu akanuna, naye akapewa chake. Katibu akataka cha matangazo. Mhamasishaji akataka cha picha za semina. Akaja mlezi wa chama, mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kukalia boda, akataka cha historia ya maisha yake. Historia gani? Sijui, nilimchapia tu.

Nami, mjinga mwenye cheti ukutani, nikavibandika vyote juu, nikavipanga kama tunavyotambulisha wageni kwenye sherehe zetu: mwenyekiti kwanza, makamu, na kushuka. Ita Boda nikaiweka mwisho, kwa sababu mama mjamzito hana cheo. Mnacheka? Chekeni. Kwenye simu yangu, pana kama sinia, vyote vilionekana. Kwenye simu ndogo, vitufe visivyoenea hujificha ndani ya vidoti vitatu pembeni. Nilijua hilo, nilifundishwa. Ila sikujaribu kwenye simu ndogo hata moja, maana niliona haya kushika simu ya namna hiyo mbele za watu. Ptu! Ndivyo nilivyokuwa.

Dada yangu mkubwa ameolewa Lobule, huko huko Koboko. Siku moja, saa sita mchana, uchungu ulimshika akiwa shambani. Mama mkwe wake akachukua simu ya nyumbani, ndogo, kioo kimepasuka. Akabonyeza juu, akatokea mwenyekiti, anacheka. Akarudi, akabonyeza tena, akatokea makamu. Dada analia chini, mama wa watu anaonyeshwa meno ya wazee! Mwishowe shemeji akampakia dada kwenye baiskeli. Hawakufika. Mtoto alizaliwa kando ya njia, juu ya kitenge, na dada akatokwa damu nyingi hadi tukadhani tumempoteza.

Nilipoulizwa, mnajua nilisema nini? "Ni mtandao." Nilimdanganya dada yangu akiwa amelala kitandani hospitali, walikomfikisha baadaye, hana nguvu ya kuinua kikombe.

Mama mkwe wake alikuwa pale wodini. "Mwanangu, hii kitu ni wewe ulitengeneza?"

"Ndiyo, mama."

Akanipa simu. "Ile ya kuita boda iko wapi? Nionyeshe."

Nikabonyeza, akatoka mlezi na historia yake. Nikatafuta, jasho likanitoka, wanawake wa vitanda vyote wananitazama. Mama akasema polepole, "Na wewe hauna hata uchungu."

Ndugu zangu, nililia. Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia dada kwamba haukuwa mtandao, ni mimi.

Nikarudi Koboko kwenye mkutano wa chama. Nikawaambia vitufe vyao vyote vinatoka. Mwenyekiti akasimama. "Unanishusha mbele ya watu?"

"Nakushusha, mzee. Ukitaka kuwasalimu wanakijiji, nenda ukawasalimu."

Akanifukuza kazi hapo hapo. Ndipo mwendesha boda mmoja, mtu asiyesema mikutanoni, akavua kofia yake ngumu. "Muzee, wamama tunabeba ni sisi. Huyu akienda, na sisi tunaenda." Wenzake wote wakasimama. Na mwenyekiti wetu? Aliketi. Ushujaa wake wote ulikuwa kwenye picha.

Leo kitufe ni kimoja, na kila ninachotengeneza nakipeleka kwanza Lobule, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Namshukuru mama yule kwa maneno yake machache. Nawashukuru wale wenye pikipiki. Namshukuru dada yangu, aliyenisamehe kabla hajapata nguvu ya kuketi. Nanyi wenye vyeo mlioketi mbele, msininunie. Mahali pa juu mpeni anayeumwa, ninyi mnaweza kusubiri.

Yule mtoto anatembea sasa, ananiita mama mdogo. Akikua nitamwambia mwenyewe alizaliwa njiani kwa sababu gani: mama yake mdogo aliwaogopa wazee kuliko alivyompenda yeye.