Bi Swafiya na Chumba cha Kupimia Pumzi

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 1989, Bi Swafiya Sibomana anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na mitano.

Binti huyu wa fundi cherehani wa Nyakabanda alianza kama muuguzi wa wodi ya watoto. Mwaka 1971, ilipoletwa mashine ya kupima nguvu ya mapafu, alikabidhiwa chumba cha mwisho barazani, na humo akabaki peke yake. Watoto wenye pumu aliwahimiza: "Puliza kama makaa yamelowa na mama ana haraka!" Chai ya saa nne sisi tuliinywa pamoja, yake ilipoa kando ya mashine.

Wengi tunamkumbuka Mukeshimana, msichana wa miaka tisa aliyeletwa na shangazi yake mwaka 1976. Shangazi alidai kwamba mtoto hujifanya mgonjwa akitumwa maji. Kweli, akiwa ametulia alipuliza vizuri kabisa. Bi Swafiya akataka kumpima baada ya kukimbia, maana kuna watoto ambao njia zao za hewa hubana wakishakimbia. Mtoto akakataa, akalia. Kila alipokimbia alidhani atakufa. Basi Bi Swafiya, dawa ikiwa tayari mfukoni, akavua viatu, akamshika mkono, wakauzunguka ua pamoja, wagonjwa wakishangilia madirishani. Waliporudi, pumzi ya mtoto ilikuwa imeshuka karibu nusu, kifua kikipiga filimbi. Alipewa dawa, kikafunguka. Shangazi akapiga magoti. "Mwanangu, unisamehe. Nilikupiga bure."

Mukeshimana alirudi kupimwa kila likizo, akimwita Mama Swafiya. Kisha akapata nafuu, akaenda kusoma Butare, asije tena. Likizo ile, na iliyofuata, Bi Swafiya aliacha mlango wazi hadi jioni. Tulipomtania, alijibu, "Mtoto akipona, haji tena. Ndiyo kazi yenyewe." Akacheka kidogo, akaendelea kufuta mashine.

Hakujaliwa mtoto, na mama yake alifariki mwaka juzi. Wiki iliyopita tulimwuliza angependa zawadi gani, redio au vitenge. Alifikiri sana.

"Mje nyumbani kula," alisema. "Nyumba iko kimya sana."

Asante, Bi Swafiya, kwa vifua vyote vilivyofunguka mikononi mwako. Mungu akujalie afya, na siku zako ziwe za furaha. Jumapili tunakuja sote. Injika chungu kikubwa.