Bi. Parminder, Aliyewapatanisha Wauguzi na Waundaji wa Afueni

Tarehe 31 Desemba 2008, Bi. Parminder Kaur anastaafu baada ya kuzitumikia Zahanati za Bonde, Nakuru, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliajiriwa kama karani wa mapokezi. Anaondoka akiwa mkuu wa kumbukumbu za wagonjwa. Hakuna aliyewahi kunywa chai yake ya tangawizi akatoka bila kupewa kazi.

Tulipoanza kutumia Afueni, programu huria ya kompyuta ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, yeye ndiye aliyesimama kati yetu na waundaji wake. Hao ni vijana wanaojitolea, wengine wakiwa ng'ambo. Wauguzi waliwaona kama mafundi wa kuagizwa. Waundaji nao walidhani kila anayelalamika hajasoma maelekezo.

Madam, kama tunavyomwita, aliwakataza wauguzi kuandika "haifanyi kazi" bila kueleza walichobonyeza na kilichotokea. Kisha akampeleka Kibii, kiongozi wa waundaji hapa Nakuru, akae mapokezi katika zahanati yetu ya Karagita asubuhi nzima, stima ikipotea na foleni ikirefuka. Mgonjwa mmoja alimng'ang'ania Kibii amwandikie dawa ya kikohozi.

Januari mwaka huu, ghasia za baada ya uchaguzi ziliwatawanya watu. Mama Ngigi, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu katika zahanati yetu ya Kaptembwo, alikimbilia Longonot, kwenye zahanati yetu nyingine, bila hata karatasi ya matibabu. Muuguzi wa huko hakujua alikuwa akipewa dawa gani, kwa kuwa Afueni ilionyesha kila zahanati wagonjwa wake tu. Waundaji walikuwa wakiijenga upya programu nzima, na walikuwa wameapa kutogusa ile ya zamani.

"Madam, tukiweka kiraka hapa, yote itaanguka," Kibii alimwambia. "Tupeni miezi mitatu."

"TB haingoji miezi mitatu, Kibii."

Wengi wetu tungeishia hapo kwa hasira. Yeye aliuliza kwa nini ingeanguka. Kibii akaeleza: zahanati mbili zikiandika habari za mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, moja ingefuta kazi ya nyingine. Madam akakubali kwamba hofu hiyo ilikuwa ya kweli.

"Basi tusiandike. Tusome tu."

"Kusoma tu? Hiyo inawezekana."

Wiki hiyohiyo, Longonot ilisoma kumbukumbu za Kaptembwo, na Mama Ngigi akaendelea na dawa zake. Alimaliza matibabu Julai. Madam naye aliahidi kwamba hatutawaomba waundaji jambo jingine hadi toleo jipya likamilike. Mkurugenzi wetu, Bw. Mathenge, alipotaka ripoti zenye michoro ya rangi, aliambiwa asubiri, akasubiri. Toleo jipya lilitufikia Septemba, na sasa mgonjwa anahama pamoja na kumbukumbu zake.

Si wagonjwa wote waliotawanyika waliopatikana. Madam hupunguza sauti anapowataja wale ambao hatukujua walikokwenda.

Wiki jana, mwenzake Kibii wa ng'ambo alipendekeza kuondoa ukurasa mmoja alioona hauna kazi. Kibii akamjibu, "Ngoja kwanza niulize Karagita." Hakuna aliyemtuma.

Asante, Madam, kwa kutufundisha kusikilizana. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha, na chai unayoinywa ikiwa bado moto.

Cheptanui, Idara ya Kumbukumbu